Nyika ya Nani? Neno Moja na Usomaji wa Habari za Wakilindi

Makala haya yamezaliwa na ubishi. Kila tunapojadili kisa cha Mbegha, mwanzilishi wa utawala wa Wakilindi katika Usambara, kuna sentensi moja inayotolewa kama aya iliyohifadhiwa chuoni: Mbegha anatoka nyikani, yaani kwenye ushenzi, na anapopanda milima anapanda kwenye utaratibu na dola. Sentensi hiyo ni tamu, inakaa vizuri kwenye karatasi ya mtihani, na alama inapata. Mimi nasema imejengwa juu ya neno ambalo hatukulisoma. Tumechambua wahusika, tumetaja fani na maudhui mpaka wino umekwisha, lakini neno nyika tumelipita kama mtu anavyopita jiwe la njiani.

Kamusi haziwezi kutusaidia sana hapa. Ukizifungua, kwa ujumla zitakwambia kwamba nyika ni mahali pa wazi, penye majani na miti michache, pasipokaliwa na watu. Sawa. Lakini hiyo ni nyika ya nani? Huyo aliyepaona kuwa hapakaliwi na watu alikuwa amesimama wapi alipokuwa akitazama?

Nauliza hivyo kwa sababu mimi ni mtu wa Mombo. Kwa wasiopafahamu, Mombo ni mji mdogo katika Wilaya ya Korogwe, chini kabisa ya ukuta wa milima, pale ambapo barabara ya Lushoto inaachana na barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha. Reli kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1905, zama za Wajerumani. Ukitaka kwenda Lushoto unapanda kilomita 33 hivi za kona, unapita Soni, na jasho lako la Mombo linakukaukia mgongoni kabla hujafika. Mtu wa Lushoto akija kwetu kuuza mboga anasema anashuka nyika. Hasemi kwa kututukana. Ndivyo mambo yanavyoitwa huko kwao. Ila sisi tunaoambiwa tuko nyikani tunacheka, maana nyika yetu iko kwingine: tunanyosha mkono kusini, Handeni huko, au tunauelekeza Mkomazi na Umasaini. Na nimekaa bwenini na vijana wa Handeni. Wao nao nyika yao iko mbele zaidi. Sijapata kukutana na mtu anayelala nyikani kwake mwenyewe.

Hapo ndipo penye jambo. Lakini kabla sijalifungua, naomba msomaji anivumilie nizunguke kidogo Ulaya.

Wanaofundisha isimu linganishi wana mfano wao wa siku zote kutoka ukoo wa lugha za Kijerumaniki, ukoo wenye Kijerumani, Kiingereza, Kiholanzi, Kiswidi na ndugu zao. Kuna neno moja la kale ambalo kwa Mjerumani wa leo limekuwa Zaun, yaani ua wa kuzungushia. Kwa Mholanzi neno hilohilo ni tuin, bustani. Kwa Mwingereza ni town, mji. Kule Iceland ni tún, konde la majani ya mifugo lililo jirani na nyumba. Ukitazama juu juu utadhani ndugu hawa wamegombana na kila mmoja kaondoka na maana yake. Kumbe wote wanatazama kitu kimoja, mahali palipozungushiwa. Mmoja kashika ua wenyewe, wengine wameshika kilichomo ndani. Maana haikuyumba ovyo. Imefuata alipokuwa amesimama msemaji.

Mfano huo wengi wetu tuliunakili, tukaujibia, tukausahau. Tulichokosa ni kuuliza kama sisi wenyewe, wenye ukoo mpana wa lugha za Kibantu, hatuna neno la namna hiyo. Tunalo, tena ni hili la nyika, na safari yake ni ndefu kuliko ya town.

Tuanze na Usambara. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake juu ya ufalme wa Washambaa kilichotoka mwaka 1974, anaeleza kwamba Washambaa waliigawa dunia yao kwa maneno mawili: shambaai, yaani huko juu kwenye ubaridi, mvua na migomba, na nyika, huko chini kwenye joto. Nyika ilikuwa na hatari zake, homa ikiwa mojawapo. Hata hivyo vijiji vingi vikubwa vya zamani vilijengwa kwenye kingo za milima, mahali ambapo mtu anaweza kulima juu na kushuka kulima chini, ili shamba moja likimtupa jingine limpokee. Basi nyika ya Mshambaa si utupu. Ni nusu ya akiba yake. Anaiogopa, lakini anakula kutoka huko.

Sasa twende Malawi. Kaskazini ya nchi hiyo kuna uwanda unaoitwa Nyika, ambao ni hifadhi ya taifa tangu miaka ya 1960. Uwanda huo uko juu, zaidi ya mita 2,000, majani matupu na baridi ya kutetemesha. Mtu wa Mombo akipelekwa huko na kuambiwa hii ndiyo nyika ataomba arudishiwe nauli. Nyika kwetu ni chini na joto. Huko ni juu na baridi. Kwa hiyo tusidanganyane: neno hili halitaji kimo wala hali ya hewa.

Kisha Zimbabwe, na huko ndiko mshangao wenyewe uliko. Katika Kishona nyika ni nchi. Ni nchi kamili, yenye mtawala na watu wake. Katika mpangilio wa zamani wa utawala wa Washona, eneo la mtemi ndilo lililoitwa nyika, ndani yake mkiwa na sehemu ndogo zilizoitwa dunhu, na ndani ya dunhu mna vijiji. Wimbo wa taifa wa Zimbabwe, uliotungwa na Solomon Mutswairo na kuanza kutumika mwaka 1994, unaombea baraka nyika ya Zimbabwe. Mswahili asiyejua anaweza kufikiri wenzetu wanaombea pori!

Ukitaka kuona tofauti hii kwa macho yako, weka Biblia mbili mezani. Katika Biblia ya Kiswahili iitwayo Union, ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, nyika ni mahali anapotokea Yohana Mbatizaji, mbali na miji. Tena inafurahisha kwamba katika sura ya kwanza ya Injili ya Marko, Yesu anapelekwa nyikani, na mstari unaofuata yumo jangwani, ilhali Kigiriki kina neno lilelile sehemu zote mbili. Watafsiri waliona maneno haya mawili yanaweza kupokezana. Chukua sasa Biblia ya Kishona. Mlango wa kwanza kabisa wa Mwanzo, Mungu anaumba mbingu na nyika. Injili ya Yohana, ile sura ya tatu inayojulikana na kila mtu, Mungu anaipenda nyika. Yohana Mbatizaji yeye kawekwa mahali pengine kabisa, panapoitwa renje. Ndugu wawili, jina moja: mmoja kampa Mungu dunia nzima, mwingine kampa mahali pa kufungia siku arobaini.

Nionavyo mimi, tofauti hii haitatuliwi kwa kusema kwamba maana imepanuka hapa na kufinyika pale. Nyika ni ardhi ya wazi inayozunguka makazi, ile inayoanzia mji unapokwisha. Anayeitazama kutoka ndani ya ua wake ataiona kuwa ni kule nje, kusiko na mtu. Anayeitazama kama eneo analolimiliki, lenye malisho, mawindo na mipaka ya mtemi wake, ataiona kuwa ni nchi. Mshona amelishika neno upande wa mwenyewe. Mswahili wa pwani amelishika upande wa mgeni. Mshambaa yuko katikati, kasimama ukingoni mwa mlima, mguu mmoja huku na mmoja kule.

Huyo Mswahili wa pwani tusimwache apite hivihivi. Mijini Mombasa na jirani zake, watu wa nyuma ya pwani waliitwa Wanyika: Wagiriama, Wadigo, Warabai, Waduruma na wengine, makabila tisa kwa jumla. Jina hilo halikuwa la heshima. Mnyika alikuwa mtu asiye na mji, asiye na dini, asiye na adabu za mjini. Tangu miaka ya 1940 wenyewe wakajiita Mijikenda. Hebu msomaji litazame jina hilo vizuri. Wameambiwa ninyi ni watu wa kusiko na miji. Wao wakajibu, sisi ni miji tisa. Hakuna mhakiki wa fasihi aliyewahi kufanya uchambuzi wa neno nyika kwa ufupi na ukali kama huo.

Na hapa ule ukoo wa Ulaya unarudi. Mtu aliyelipeleka jina Wanyika kwenye vitabu vya wazungu ni J. L. Krapf, Mjerumani, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuweka kituo Rabai mwaka 1846. Kamusi ya lugha hiyo, aliyoitengeneza pamoja na mwenzake Rebmann, ilitoka mwaka 1887 akiwa ameshafariki, ikiitwa kamusi ya Kinika. Katika lugha ya mama ya Krapf lipo neno Heide. Likiwa na kitambulisho cha kike, die Heide, ni uwanda usiolimwa, wenye vichaka vifupi. Likiwa na kitambulisho cha kiume, der Heide, ni mpagani. Kiingereza kina heath na heathen. Kiswidi kina hed na hedning. Wanaisimu wengi wanayaunganisha: mpagani ni mtu wa uwandani. Mnyika, kwa maneno mengine! Mjini kwanza ndiko kulikokuwa na kanisa, basi aliyebaki uwandani akabaki na miungu yake. Sisemi Krapf alilifikiria hilo alipoliandika jina la Wanyika. Nasema hakuhitaji kufikiri. Mzaha wa watu wa Mombasa ulimkuta na nafasi iliyokwisha kutayarishwa kwenye lugha yake.

Kwa faida ya wanaopenda mambo haya, Heide nalo halikukaa mahali pamoja. Karibu na Lüneburg ni uwanda wa vichaka vya maua ya zambarau, lakini Dresdner Heide, kando ya mji wa Dresden, ni msitu, miti mitupu. Na katika Kigothi, lugha ya Kijerumaniki iliyokufa, ambayo askofu Wulfila aliitafsiria Biblia katika karne ya 4, haithi ni shamba au konde tu, mahali yanapoota maua yale ambayo Yesu anasema hayafanyi kazi wala hayasokoti. Yaani hata huko ulipo mzizi wa upagani wao, ukichimba sana unakuta maua.

Mtu ataniambia: haya yote ni mapambo ya isimu, fasihi iko wapi? Ngoja kwanza nioneshe kwamba si mapambo. Tarehe 26 Novemba 1895 serikali ya Kaisari ilitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ni mali ya dola. Neno lao lilikuwa herrenlos, isiyo na bwana. Nani alisoma ardhi hiyo akaona haina bwana? Aliyekuwa anatafuta nyumba, ua na shamba lililopandwa, asipoviona anaandika: tupu. Malisho ya msimu hayakuonekana. Mawindo hayakuonekana. Shamba lililopumzishwa halikuonekana. Huo ulikuwa usomaji, wapenzi, tena usomaji mbaya, na ulipimwa kwa hekta. Mkonge, ambao Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, ukaja kujaa kwenye nyika yetu ya Korogwe na Mazinde mpaka mstari wa upeo, na nyika isiyokaliwa na watu ikajaa manamba waliotoka kila pembe ya nchi. Na tusiseme hayo ni ya Wajerumani peke yao. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, sheria yetu wenyewe, inapofafanua ardhi ya jumla inaingiza humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika, wakati dada yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huohuo, haina maneno hayo. Wanasheria wamebishana sana juu ya tofauti hiyo. Mimi si mwanasheria. Naona tu neno letu limevaa suti.

Sasa turudi kwenye kitabu. Habari za Wakilindi ni kazi ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy, na wengi wetu tunakisoma katika toleo la 1962 lililohaririwa na J. W. T. Allen. Mbegha ni mtu wa Ngulu. Alizaliwa kigego, meno ya juu yakitangulia, akanyimwa haki yake na ndugu zake. Akaishi kwa uwindaji, yeye na mbwa wake. Akafika Kilindi, akapatana na mtoto wa mkubwa wa huko, na yule kijana alipouawa katika mawindo ya nguruwe Mbegha akakimbia. Akapita Zirai, akaingia milimani, na mwishowe Vugha akaua simba na kutawazwa.

Ule usomaji wa ushenzi na ustaarabu unamwona hapa mtu mwitu anayefugwa. Lakini tazameni anachokuja nacho. Mbegha anagawa nyama. Washambaa wana ndizi na nafaka, hawana kitoweo. Yeye ana kitoweo, hana chakula cha shambani. Wanabadilishana. Urafiki wake na wenyeji unajengwa chunguni kabla haujajengwa kwenye kiti cha enzi. Huyu si mtu aliyetoka mahali patupu, maana mtu haji na mzigo kutoka patupu. Amekuja na nusu ya mlo iliyokosekana. Anapoitwa Simba Mwene, jina la kumshangilia mfalme wa Washambaa, mnyama wa porini ndiye anayepewa cheo cha juu kabisa mlimani. Kama nyika ingekuwa ni aibu ya kusafishwa, jina hilo lisingekaa karne nzima kwenye vinywa vya watu. Nionavyo, kisa kinasema kwamba mtawala ni yule anayeweza kuziunganisha nusu mbili, ya juu na ya chini. Ndugu zake wa Ngulu walimwona mkosi. Washambaa waliona chungu kimekamilika.

Kuna pingamizi moja la maana. Mwandishi ameandika Kiswahili, si Kishambaa, na katika Kiswahili cha pwani cha wakati wake nyika ilibeba dharau hiyo niliyoitaja. Kwa nini basi tumsome kwa macho ya Lushoto? Pingamizi hili nalikubali nusu. Ndiyo, lugha ni ya pwani, na msomaji aliyekuwa akimlenga alikuwa wa pwani pia, pamoja na wamisionari waliomchapishia. Lakini jiografia ya kisa ni ya Washambaa: juu na chini, ndizi na nyama, Vugha na uwanda. Neno linaweza kuazimwa pwani. Mpango wa kisa haukuazimwa. Na mwandishi mwenyewe hakuwa mtu wa kutazama nyika kutoka barazani Unguja. Aliijua kwa miguu. Alifanya kazi na Semboja, na Semboja alikaa Mazinde.

Mazinde iko jirani na Mombo, chini kabisa, kwenye joto letu. Mfalme Kimweri ye Nyumbai, yule ambaye Krapf alimtembelea Vugha mwaka 1848, alifariki mwaka 1862. Baada yake ufalme ukavunjika kwa vita vya ndugu, na aliyepata nguvu kuliko wote ni huyo Semboja, mwanawe. Hakupanda Vugha kukalia kiti. Alibaki Mazinde, kwenye njia ya misafara, palipopita bunduki, nguo na pembe, naye akamweka mtoto wake, Kimweri Maguvu, awe mfalme huko juu. Kwa hiyo kitabu kinachoanza na mtu anayepanda kutoka nyikani ili atawale, kinakuja kutuonyesha mtu anayetawala mlima akiwa amekaa nyikani, na mlima umebaki na jina la ufalme tu. Wanaoshikilia kwamba nyika katika kisa hiki ni ushenzi na Vugha ndiyo dola watuambie Semboja wanamweka wapi.